Nguzo Zilizokunywa Mvua

Niwaambie mapema: kwenye hii habari bwege ni mimi. Nimejaribu kuipindua huku na huku ili nionekane mjanja, imegoma. Basi naisimulia ilivyo, mnicheke, mkishamaliza mrudi kwenye mifereji yenu.

Nawaandikia nyie vijana wa usafi na matengenezo wa soko jipya hapa Igogo. Huwa mnaniona nimekaa kwenye meza ya mke wangu kule ghorofani upande wa dagaa, mnapita mnaniita "mstaafu" halafu mnacheka kwa sababu sina hata unywele mmoja mweupe. Chekeni. Kazi niliyokuwa naifanya haipo tena mahali popote, na mtu ambaye kazi yake imetangulia kuondoka, mnataka mumwite nani? Shule nilikomea la saba, kwa hiyo mkikuta makosa humu ndani yazoeeni. Jina langu Shija, ila sokoni nilikuwa naitwa Redio, kwa sababu hakuna aliyewahi kunikuta nimezimwa.

Hapo mnaposukuma maji kwa mopu palikuwa na soko la zamani, la chuma. Wengi wenu mliliona siku za mwisho likiwa limechoka, mkajua ni banda tu. Halikuwa banda. Mimi pia nilidhani ni banda, mpaka siku niliyoanza kazi.

Siku hiyo nilikuwa bado nabeba magunia ya viazi. Nikamkuta mzee mmoja, mwembamba, kofia ya sufu kichwani na jua lote lile, amebandika sikio kwenye nguzo huku anaigonga kwa spana ya baiskeli. Ko, ko, anasikiliza. Anahamia nyingine. Ko, ko, anasikiliza. Alikuwa Mzee Lusangija, fundi wa soko, ila mimi sikumjua. Nilichojua ni kwamba akina mama wa samaki wanatazama na mimi nina mdomo.

"Shikamoo mzee," nikamwambia. "Hiyo simu ina salio kweli?"

Akina mama wakaangua kicheko. Mama Bahati, aliyekuwa anauza sato pale, akapiga makofi mpaka magamba yakaruka. Mzee hakucheka wala hakukasirika.

"Marahaba. Weka gunia chini, njoo usikie."

Nikaweka sikio. Akagonga.

"Umesikia nini?"

"Nimesikia chuma."

"Basi bado hujasikia kitu. Kaa hapa."

Mawingu yalikuwa yanatoka ziwani, meusi. Mvua ikashuka kama ilivyo mvua ya huku, haikubishii hodi. Juu ya bati kelele tupu, huwezi kusikia mtu anayekuita jina. Mzee akanishika kiganja akakibandika kwenye nguzo. Chuma kilikuwa cha moto wa mchana. Kikaanza kupoa, kuanzia juu, ubaridi unashuka polepole kwenye vidole vyangu, halafu nikausikia mtetemo, kitu kinapita ndani. Nguzo ilikuwa na tundu katikati, kama bomba. Maji yote ya paa yalikuwa yanashuka ndani ya zile nguzo, yanapita chini ya sakafu, yanakwenda ziwani. Nje watu wameloa, ndani hakuna tone.

"Inakunywa," Mzee akanipigia kelele sikioni.

Yule mwenye viazi vyake alinitafuta mpaka akachoka. Mimi sikubeba tena gunia maishani mwangu.

Sasa niwaeleze jengo lenyewe, maana mkiuliza watu watawaambia "lilijengwa na Mjerumani," huku kwetu kila kitu cha zamani ni cha Mjerumani. Mzee alivyonisimulia, na yeye alivyosimuliwa na fundi aliyemtangulia, alilichora bradha mmoja Mfaransa, wa misheni. Yule bradha alizaliwa kwenye mji wenye soko la chuma, mama yake alikuwa anauza siagi humo. Alipofika huku akakuta watu wanauza samaki juani, nzi wanakula kwanza kabla ya mteja. Akachora soko la kwao kwa kukumbuka tu. Nguzo zikaja kwa meli mpaka Mombasa, treni mpaka Kisumu, meli tena mpaka hapa. Kila nguzo ilikuwa na maneno ya Kifaransa yaliyovimba kwenye chuma, karibu na chini. Wateja wageni wakiniuliza yanasemaje nilikuwa nawatafsiria vizuri kabisa: "Yanasema ukishashika nyanya, nunua." Mama Bahati alinipa sato mzima kwa tafsiri hiyo.

Paa lilikuwa na paa jingine juu yake, dogo, kama mtu aliyevaa kofia juu ya kofia. Katikati ya hizo kofia kulikuwa na luva, vibao vya mbao vilivyoachiana nafasi, pande zote, hewa ya moto inapanda inatokea pale, na harufu ya samaki inaifuata. Nyie leo mna feni, umeme ukikatika mnatoka nje. Lile halikuwahi kutaka umeme. Na sakafu ilikuwa na mteremko mdogo ambao macho hayauoni, ila ukiachia chungwa linakwenda lenyewe: nafaka juu, mboga katikati, samaki chini upande wa ziwa. Maji machafu ya samaki hayakuweza kuufikia mchele hata yangetaka. Yule bradha hakuweka kibao cha kukataza. Aliinamisha sakafu tu.

Alikosea kitu kimoja. Kwao hakuna makorongo.

Mnawajua makorongo wa Mwanza, wale ndege wenye upara, wanasimama kama wazee wanaosubiri mafao. Walilipenda lile paa. Wanaiba vichwa vya sangara kule chini, wanapanda navyo juu, wanakula, mifupa wanaiachia kwenye mifereji. Mvua ikija inaisukuma mifupa kwenye midomo ya nguzo, nguzo inakabwa. Ikikabwa, maji yanatafuta njia nyingine, na njia nyingine ni kichwa cha mteja. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yetu. Kupanda, kuzoa mifupa, kuteremsha mnyororo wa baiskeli uliofungwa kwenye kamba ndani ya nguzo na kuuchezesha mpaka uchafu ushuke, halafu kugonga kila nguzo na kusikiliza. Nguzo iliyo wazi inalia kwa mwangwi, mrefu, kama mtu anayeitika kutoka chumba cha pili. Iliyokabwa inajibu mkato, kama mtu aliyenuna. Kila asubuhi ya masika Mzee alikuwa akinisalimia hivyo hivyo, kabla ya habari za nyumbani:

"Zinakunywa?"

"Zinakunywa, mzee."

Na kama kuna ambayo hainywi, unaitaja, unapanda.

Nilianguka mara moja tu, nikaangukia magunia ya dengu. Mzee alichungulia kutoka juu akauliza, "Dengu zimepona?" Hapo ndipo nilipojua kwamba yule mzee anatania, ila utani wake hautoi risiti.

Kesi ngumu kuliko zote ilikuwa ya ile nguzo ya upande wa sato, mezani kwa Mama Bahati. Fuso lilirudi nyuma na samaki, dereva anaangalia simu, akaigonga. Chuma kile cha kumimina hakipindi, kinapasuka. Ulitokea ufa wa kuingia kidole. Kila fundi aliyeitwa alitaka kuichomelea, Mzee akawakatalia, akasema moto utaumaliza ufa huu na kufungua mwingine. Akafua pete ya chuma kwa mkono wake, kule kwa wahunzi, akaipasha mpaka ikawa nyekundu, tukaivisha ile nguzo ikiwa ya moto. Ilipopoa ikajibana. Ufa ukafumba. Mvua iliyofuata tulisimama pale wote, Mama Bahati, mimi na Mzee, viganja vyetu kwenye chuma kama tunaapa. Ikanywa. Mzee alitoa kofia. Sikuwa nimewahi kumwona kichwa kabla ya siku hiyo, na kilikuwa kizuri tu, sijui alikuwa anaficha nini. Tangu hapo tuliiita Mwenye Pete.

Mzee aliacha kazi magoti yalipokataa ngazi. Akarudi kijijini kwake, ndani ndani huko Misungwi, kwa mkewe Mama Kulwa. Siku ya kuondoka alinipa spana ya baiskeli na hakutoa hotuba. Alizunguka nguzo zote, akagonga moja moja, zamu hii bila kusikiliza. Alipofika mlangoni akaniambia, "Ukiniletea habari, niletee za kweli."

Kumbukeni hilo neno.

Niliendelea peke yangu. Halafu mradi ukaja. Sitaki mnielewe vibaya, soko jipya ni zuri, lina vyoo, mama hajifungii khanga tena kwenda kujisaidia kwa jirani. Watu walikuwa wamezidi, wengine wanauzia barabarani. Hata Mama Bahati, niliyedhani atalala mbele ya greda, aliniambia, "Redio, mimi mgongo umeisha, nataka meza yenye bomba." Hakuna aliyekuwa mbaya. Angekuwepo mbaya ningekuwa na wa kumtukana.

Walizungushia mabati, wakaanza na ile kofia ya juu. Makorongo walihama siku ya kwanza, wana akili kuliko mimi. Mimi nilibaki nje ya uzio nasikiliza. Nguzo zilikatwa kwa gesi, zikawa zinaanguka moja moja, na kila moja ililia ikigusa chini, mlio ule ule wa kuitika kutoka chumba cha pili. Zote zilikuwa wazi. Nilikuwa nimezisafisha wiki ile ile, si mnajua tena, mazoea.

Nikafunga safari kwenda kumwambia Mzee. Njiani nilijipanga: nitaanza na utani, halafu nitasema. Nikafika, Mama Kulwa akanipokea mlangoni, akaninong'oneza kwamba Mzee ametoka hospitali, upande mmoja wa mwili haufanyi kazi, asisumbuliwe na habari nzito. Nikaingia. Amelala, kofia kichwani, mdomo umepinda kidogo.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba." Akanitazama. "Zinakunywa?"

Mdomo wangu, huu huu uliokuwa umenipa jina, ukasema, "Zinakunywa, mzee."

Ikawa imetoka.

Basi nikawa naenda kila mwezi, na kila mwezi napeleka soko ambalo halipo. Nilianza kidogo kidogo, nikanogewa. Nilimwambia luva za magharibi nimezibadilisha mbao. Nilizua korongo mmoja mkorofi nikamwita Diwani, maana anakula bila kufanya kazi, nikawa napeleka habari zake kama tamthilia: leo Diwani kaiba utumbo, leo Diwani kakwama kwenye luva, leo Diwani ameoa. Mzee alikuwa akicheka upande mmoja wa uso. Na mwaka ule mvua ilipochelewa nilisema nguzo zina kiu. Aliuliza maswali ya kikazi, na mimi nilijibu kikazi, napanda kwa mdomo, nashuka kwa mdomo.

Ubwege wenyewe sasa. Niliona nikienda nimevaa nguo safi atashtuka. Kwa hiyo kabla ya kupanda basi nilikuwa napita kwa fundi mmoja wa mageti pale njiani, nasugua mikono na shati kwenye vyuma vyake vibovu mpaka nashika kutu. Abiria walikuwa wananipisha kiti wenyewe. Mke wangu aliniuliza, "Hivi wewe shati hili unalifulia kwenye matope?" Nikamwambia kazi. Akanitazama. Alijua sina kazi, yeye ndiye alikuwa ananilisha.

Nyumba ya Mzee ilikuwa chini, karibu na barabara. Kigango chao, kanisa dogo la kijiji, kilikuwa upande wa pili wa kilima cha mawe, kule juu, sikuwahi kufika kwa sababu nilikuwa naenda siku za kazi, naingia natoka. Kengele yake niliisikia lakini. Ni rimu ya lori, zile za kugonga na chuma, ila hii ilikuwa na sauti nene, nzuri, inakaa hewani.

"Kengele yenu inalia vizuri sana," nikamwambia Mzee siku moja, ili niseme kitu.

"Imepata mahali pazuri pa kuning'inia," akanijibu.

Miezi ya mwisho aliacha kuuliza nguzo zote. Aliuliza moja tu.

"Mwenye Pete anasemaje?"

"Huyo? Mzee, huyo anakunywa kuliko wote. Mvua ya juzi tulisimama naye pale na Mama Bahati, baridi mpaka kwenye kiwiko."

Mzee akageuza uso kwenye dirisha, kule kwenye mawe, akaanza kucheka. Akacheka mpaka machozi yakamtoka, Mama Kulwa akaja mbio na kikombe cha maji. Mimi nikajisifu moyoni. Nikasema leo Redio amekamata masafa.

Ule ndio ulikuwa mwisho wetu.

Tulimzika kijijini, siku yenye jua. Nilivaa shati safi, halikuwa na wa kumdanganya tena. Jeneza likapelekwa kwanza kigangoni, nami nikawa miongoni mwa waliobeba, kwa hiyo nilipanda ile njia ya mawe nikiwa natazama chini, naogopa kujikwaa naye. Tulipofika uwanjani tukamtua. Nikainua macho.

Mbele ya kanisa kulikuwa na nguzo ya chuma imesimikwa ardhini, na kwenye kichwa chake imetokezwa mkono wa chuma unaoning'iniza ile rimu ya lori. Chini karibu na ardhi, maneno ya Kifaransa yamevimba. Katikati, pete.

Watu walikuwa wanaimba. Mimi nikaiendea kama mlevi. Spana nilikuwa nayo mfukoni, nilitaka kuiweka kaburini nikaona haya. Nikagonga. Ko, ko. Nikaweka sikio mbele ya waombolezaji wote, shemeji zake wakadhani nimechanganyikiwa. Ikaitika, mlio mrefu, safi. Ndani hakukuwa na hata jani. Na kwenye kitako chake walikuwa wamechimba mfereji mdogo uliopangwa mawe, unapeleka maji kwenye bustani ya mchicha ya kigango. Mchicha ulikuwa umestawi, jamani.

Katekista akanisogelea, akaniwekea mkono begani, akadhani nalia tu kama watu wengine. Akanieleza bila kuulizwa: waliinunua kwa wauza vyuma chakavu, soko lile la mjini lilipovunjwa. Mzee alipoisikia imefika alibebwa kwenye kiti mpaka pale, akaelekeza yeye mwenyewe iwekweje, kitundu cha juu kiwe wazi, mfereji uelekee wapi. Kila Jumapili alikuwa akibebwa kwenda misa, na kabla ya kuingia anaomba asogezwe, anaigonga.

Kila Jumapili. Na mimi nilikuwa nakwenda katikati ya wiki kumwambia Mwenye Pete yuko Igogo na Mama Bahati.

Baada ya maziko nilikaa jikoni kwa Mama Kulwa, nyuma, kwenye kigoda, kama mtoto aliyevunja chungu. Wageni walikuwa wanakula kule mbele. Akanipa ugali na maziwa ya mgando. Sikula. Nikamwambia, "Mama, nilimdanganya mzee mpaka kaburini."

"Hukumdanganya," akasema. "Tulijua kabla hujaja mara ya pili. Na hiyo kutu uliyokuwa unajipaka, alisema akishafukiwa nikuambie: kutu ya geti haifanani rangi na kutu ya nguzo. Alisema kosa kama hilo ungelifanya mbele ya fundi mwingine angekufukuza."

Nikacheka. Kilitoka kicheko kibaya, chenye makamasi.

"Sasa kwa nini hakuniambia? Si alisema nimletee habari za kweli?"

Mama Kulwa akafunika sufuria, akakaa, akanyoosha miguu yake kama mtu aliyesimama tangu asubuhi, na kweli alikuwa amesimama tangu asubuhi.

"Mimi nilitaka kukuambia, ng'wanawane, mwanangu. Nikamwambia mzee, huyu mtoto anahangaika na nauli bure, tumwambie tunajua. Akanikatalia kabisa. Akasema, 'Soko lake wamelivunja, kazi hana. Hapa ndipo mahali pekee ambapo bado anayo. Mwache aingie kazini.'"